Maoni ya Bi Kidawa Kuhusu Wimbo wa Nne

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani yoyote, na serikali yake imekwisha kutoa tamko la kuwashukuru wachora ramani kwa busara hiyo. Kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, wala asichungulie dirishani. Huko, katika mwaka ambao mvua zilinyesha kwa kibali, Mtoto wa Kwanza wa Taifa alitoa albamu ya muziki.

Mtoto wa Kwanza alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, vyeo kumi na kimoja, na kitambi chenye walinzi wake. Alikwisha kupewa jeshi la maji, meli zote tatu zikazama zikiwa zimefungwa gatini. Akapewa mashamba, na hilo watu hawapendi kulizungumza wakiwa na njaa. Ndipo baba yake, Mlezi wa Taifa, alipogundua kwamba kijana ana kipaji cha sauti. Si kwamba alikuwa akiimba. Kuimba, alieleza mwenyewe katika hotuba ya uzinduzi iliyochukua saa nne, ni kazi ya ndege na ya watu wasiofikiwa na umeme. Yeye alitengeneza muziki wa majaribio, wa mitambo mitupu, na albamu akaiita Umeme Unawaza.

Ilikuwa na nyimbo tisa. Wa kwanza ulikuwa mvumo wa transfoma kwa dakika kumi na tisa. Wa pili ulikuwa mlango wa friji unaofunguliwa na kufungwa na mtu asiyeona anachokitafuta. Wa tatu ulikuwa kimya kitupu, na wananchi walitakiwa kuusikiliza wakiwa wamesimama. Wa nne tutaufikia sasa hivi, tuvute subira.

Wizara ya Usikivu ilifunga spika kwenye kila nguzo ya umeme. Kila Jumamosi asubuhi kila mtaa ulikaa kwa safu ukaisikiliza albamu yote, huku wakaguzi wa nyuso wakipita katikati na madaftari yao. Muziki ukiisha, kila mtu mzima alijaza fomu ya maoni kwa kila wimbo. Nchi ile ilikuwa na uhuru wa maoni, tena wa kupindukia. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu, Nimependa, Nimependa Sana, na Nimependa Mno Hata Kalamu Inatetemeka, na chini yake mistari minne ya maelezo. Asiyependa naye hakukatazwa kusema. Fomu yake ilikuwa ya kijivu, ikipatikana dirisha la mwisho la ofisi za Wizara, na mwenye kuijaza alifuatwa nyumbani na gari la serikali akapelekwa kupumzika. Waliopelekwa zamani wangali wanapumzika mpaka leo, inaonekana walikuwa wamechoka sana.

Bi Kidawa alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa Kiwandani, na nusu ya waliokaa kwenye safu zile yeye ndiye aliyewapokea walipokuja duniani. Jumamosi ile ya kwanza alikaa na uso wake wa harusini, ule alioutunza kwa ajili ya wakaguzi, akiwaza maharage aliyoyaacha jikoni. Wimbo wa nne ukaanza. Mitambo ikapiga mluzi, ikanguruma, ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Halafu chini ya vurumai lile ikasikika sauti hafifu ikihesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Nane. Tisa.

Maharage yakamtoka Bi Kidawa kichwani. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyehesabu hivyo, na mtu huyo alikuwa mwanawe Machano. Alipokuwa na miaka mitano alichomwa na mwiba unyayoni. Mama akashika sindano, akamwambia ahesabu taratibu, akifika saba ataung'oa. Mtoto akahesabu mpaka sita, akafikiri kidogo, akarukia nane, ili saba isifike na mwiba usiguswe. Tangu siku hiyo mpaka alipoota ndevu, kila alipoumia Machano alihesabu vivyo hivyo, akiikwepa saba.

Machano alikuwa fundi mitambo wa redio ya taifa. Miaka miwili nyuma, Mlezi wa Taifa akiwa katikati ya hotuba, umeme ulikatika, na uliporudi Machano akawaomba radhi wasikilizaji, akasema umeme ulikuwa umekatika. Katika nchi ile umeme haukatiki, hupumzika. Walimchukua na kalamu yake sikioni. Bi Kidawa aligonga kila mlango, mpaka akaandikiwa barua na Wizara ya Waliopo, kumbukumbu namba themanini na nane, iliyosema kwamba kumbukumbu zote zimepekuliwa na hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuzaliwa. Aidha, iliendelea barua, inathibitishwa kwamba wewe mwenyewe hujawahi kuzaa, tunakutakia siku njema. Mwanamke aliyekata vitovu elfu moja na zaidi aliisoma barua ile akiwa amesimama. Kisha alikwenda chumbani, akafunga mlango, akafunua nguo akaitazama michirizi ya tumbo lake apate kuwa na hakika.

Sasa kijitabu cha albamu kilikuwa mkononi mwake. Kwenye ukurasa wa mwisho viliorodheshwa vyombo vilivyotumika. Kwenye wimbo wa nne paliandikwa hivi: Chombo Namba Nne, hakitumii betri, hulishwa mara moja kwa siku, kisiwekwe karibu na dirisha. Wahakiki walikwisha kuusifu mstari huo kwa ushairi wake. Profesa Mkuu wa Usikivu aliandika gazetini makala ya kurasa mbili iliyoitwa Saba Isiyokuwepo, akieleza kwamba msanii ameiondoa saba ili kuonyesha jinsi taifa lilivyovuka hatua nzima bila kuikanyaga.

Kuutangaza ukweli huo kulikuwa hakufai hata kidogo. Sheria ilisema kwamba mtu atakayedai ala ya taifa ni binadamu atachukuliwa kwa uchunguzi, na ala yenyewe pia itachunguzwa, na Bi Kidawa alijua uchunguzi wao unavyokuwa. Lakini kulikuwa na sheria nyingine moja, na hii ndiyo pekee iliyofuatwa nchi nzima bila kuchelewa. Kila maoni ya msikilizaji yalijibiwa ndani ya siku kumi na nne, kwa sababu Mtoto wa Kwanza aliyasoma mwenyewe, kitandani, akila korosho.

Bi Kidawa akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Kwenye mistari minne akaandika: "Wimbo wa nne ndio roho ya albamu. Ni mfupi mno. Naomba urefushwe, tusikie kwamba chombo bado kizima."

Baada ya wiki mbili likatoka toleo la pili, na wimbo wa nne ulikuwa umetoka dakika sita ukafika kumi na moja. Machano alikuwa hai wiki ile. Bi Kidawa alilia palepale kwenye safu, bila kujificha, na mkaguzi wa nyuso akayaandika machozi yake kwenye safu ya sifa.

Sauti ilikuwa kavu lakini, hasa kwenye tano na sita. Akaandika kwamba kwa uzoefu wake chombo cha aina hii hulia vizuri zaidi kikipewa maji ya kutosha. Toleo la tatu likaja na sauti laini. Humo akasikia kifua kinakwaruza, kikohozi kile kibaya cha watu wanaolala chini, akaandika kwamba mkwaruzo unaharibu utamu, chombo kifunikwe blanketi na kilazwe mahali pakavu. Toleo la nne kikohozi kikapungua. Akaandika kwamba kikilishwa vyema noti zake zitanenepa. Kwenye kijitabu cha toleo la tano palisomeka, hulishwa mara mbili kwa siku. Bi Kidawa akakibusu kijitabu, akakiweka chini ya mto. Hivyo ndivyo alivyomuuguza mwanawe miezi mitano, kwa kisanduku kimoja na mistari minne.

Lakini kulikuwa na hatari. Wimbo ulioshuka kwenye maoni uliondolewa pamoja na chombo chake. Wimbo wa sita nao ulikuwa na chombo kisichotumia betri, sauti ya kike iliyolia kwa mapumziko marefu. Wasikilizaji waliuona unachosha. Kwenye toleo la nne haukuwemo, na hakuna aliyeuliza chombo kimekwenda wapi. Bi Kidawa naye aliwahi kuuwekea alama ya chini, ili wa nne upande. Hilo hakumwambia mtu, akaendelea.

Akavaa viatu akapita nyumba kwa nyumba kwa watu aliowazalisha. Hakuwaeleza kitu. Aliwaambia tu wausifu wimbo wa nne kwa kisanduku cha tatu, na nani atamkatalia mkunga aliyemsafisha damu ya kwanza. Waliwaambia ndugu zao, ndugu wakawaambia wakwe. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni wakaanza kuhesabu mpaka tisa bila saba walipokuwa wakipakia makreti. Watoto walifunzwa hivyo shuleni, mitihani ikasahihishwa hivyo. Maoni yakapanda kutoka themanini kwa mia mpaka tisini na moja, kisha tisini na nane, na Mtoto wa Kwanza akanenepa kwa furaha, jambo ambalo mafundi cherehani wa ikulu walilipokea kwa moyo mzito.

Siku moja mchana, akichambua mchele, Bi Kidawa alisikia redio ikitangaza kwa shangwe kwamba wimbo wa nne umefika tisini na tisa na ushei, kwamba Jumamosi ijayo maoni ya mwisho ya wimbo huo yatahesabiwa, safari hii visanduku vyote vitatu vikihesabiwa kuwa kimoja, na kwamba kama ilivyotarajiwa na wapenda maendeleo wote, Sheria ya Ukamilifu huenda ikatumika. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

Sheria ile aliijua, kila mtu aliijua. Kazi ikipata mia kwa mia hutangazwa Kamili, na chombo kilichoitoa huvunjwa hadharani, isije ikatoka kazi nyingine ikalingana nayo. Mkate wa mwokaji mmoja ulipopata mia, tanuri lake lilibomolewa, mji ukakaa miezi minne bila mkate huku ukijivunia ukamilifu wake. Daraja jipya lilipopata mia, winchi iliyolijenga ilitumbukizwa mtoni pamoja na dereva wake, ambaye alikuwa hajapewa taarifa. Yote hayo Bi Kidawa aliyaona kwa macho yake, lakini furaha ya kumsikia mwanawe ilimsahaulisha. Miezi mitano alikuwa akimjengea Machano ngazi ya kupandia, na juu ya ngazi walikuwa wanamngoja na nyundo.

Alikaa pale mpaka jua likageuka. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Ilitosha fomu moja ya kijivu. Mia isingetimia, wimbo ungebaki wa kwanza nchini kwa tisini na tisa, Machano angeendelea kulishwa mara mbili, na yeye mwenyewe angekwenda kupumzika. Akamaliza kuchambua mchele, akaupika, akala akashiba, akijua huko aendako chakula si cha kukitegemea.

Kwenye dirisha la mwisho la Wizara ya Usikivu alikaa Vuai, karani wa miaka kumi na tisa kazini, mtu mpole, mwembamba, mwenye soksi zilizoshonwashonwa kwa mkono. Naye alizaliwa mikononi mwa Bi Kidawa, tena kwa shida, maana alitanguliza miguu. Usiku ule mkunga mwingine alikwisha kukata tamaa. Vuai hadithi hiyo aliisimuliwa na mama yake kila alipokosa adabu, na kila alipokutana na Bi Kidawa njiani alishika mkono wake kwa mikono miwili.

Alipomwona anaomba fomu ya kijivu alidhani amesikia vibaya. Akamwambia dirisha la fomu nyeupe liko mwanzo, pale penye maua. Bi Kidawa akasema anajua lilipo. Akaichukua ya kijivu, akaijaza pale pale, akaisukuma chini ya kioo. Aliandika: "Sikuupenda wimbo wa nne. Ni mbaya."

Uso wa Vuai ukasawijika. Alitazama ukutani, maana kuta za Wizara ya Usikivu zilikuwa na masikio yaliyoajiriwa, kisha akasogea karibu na kioo.

"Mama, una homa?"

"Sina."

"Basi kuna mtu amekuudhi. Nenda nyumbani ulale, kesho tutazungumza."

"Vuai," Bi Kidawa alisema, "nakuomba kitu kimoja maishani. Ipeleke juu kama ilivyo."

Alitamani kumwambia. Jina la Machano lilikuwa pale kwenye ulimi, na Vuai alicheza na Machano mpira wa matambara miaka mingi, angeelewa kabla hajamaliza. Lakini ukuta ulikuwa unasikiliza, na neno moja lingempeleka Machano kwenye uchunguzi. Akamtazama tu, kwa nguvu zake zote, kama alivyokuwa akiwatazama wanawake wa uchungu anapotaka wasisukume.

Vuai akamtazama naye kwa muda mrefu. Macho yake yakalowa.

"Nimekuelewa, mama," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Nitaishughulikia mwenyewe."

Akaigonga muhuri. Hakuiweka kwenye trei. Aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na Bi Kidawa akaona ni heshima.

Siku tatu alingoja gari. Alifunga furushi la nguo mbili na sabuni, akawagawia majirani kuku wake, akafagia nyumba kama mtu anayetarajia wageni. Gari halikuja. Akasema moyoni kwamba serikali haijawahi kuwahi kitu, na kwamba labda wanataka kumchukua Jumamosi mbele ya watu, ili iwe fundisho. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Machano aondoke. Jumamosi alivaa gauni lake zuri, akaenda uwanja wa taifa, ambako matokeo yangetangazwa, akakaa na furushi lake mapajani.

Mtoto wa Kwanza alihutubia kwa muda wa saa mbili na nusu. Alisema msanii ni mama wa taifa, na kwamba yeye amelibeba taifa hili tumboni, kama mnavyoona. Alisema yeyote asiyejua uchungu wa kuzaa wimbo hajui uchungu. Wanawake elfu ishirini walipiga makofi kwa mkupuo mmoja, kama walivyofundishwa. Kisha Mkurugenzi wa Maoni akafungua bahasha ya lakiri akasoma matokeo.

"Mia kwa mia."

Bi Kidawa alisikia uwanja unanyanyuka, yeye akabaki amekaa. Akajiambia wamekosea, watasoma tena. Ndipo mtu akashika mkono wake kwa mikono miwili. Vuai alikuwa amejipenyeza mpaka kwenye safu yake, na alikuwa anatabasamu huku anatokwa na machozi.

"Niliisahihisha, mama," alimnong'oneza. "Miaka kumi na tisa nazisahihisha zote, hakuna ajuaye. Watu wana hasira zao, wanaandika, mimi naandika upya. Sijawahi kumpoteza hata mmoja. Wewe uliyenivuta kwa miguu ningewaachia wakuchukue?"

Katikati ya uwanja waliingiza sanduku la mbao lililofunikwa bendera, lenye matundu madogo ubavuni na nyaya zikitokea chini. Kando yake walisimama askari wanne wenye nyundo za kupasulia mawe, zilizofungwa utepe. Mshereheshaji akatangaza kwamba chombo kitalia mara ya mwisho, na akaomba utulivu. Mtoto wa Kwanza akageuza swichi ya mtambo wake.

"Huyo ni Machano, Vuai," Bi Kidawa alisema.

Tabasamu la Vuai lilichelewa kuondoka. Lilibaki usoni likiwa halina mwenyewe, na mikono yake ikaendelea kuushika mkono ule, na mbele yao chombo kikaanza.

Moja, kikasema. Uwanja mzima ulikuwa unaujua wimbo kwa moyo, ukahesabu pamoja nacho kwa sauti ya chini. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Hapo watu elfu arobaini wakasema nane.

Chombo hakikusema nane. Kilinyamaza, kikavuta pumzi, na Bi Kidawa akajua anachotaka kusema kabla hajasema, kwa sababu alikuwa mama yake, na kwa sababu kuna maumivu ambayo mtu hufika mahali akataka yang'olewe tu.

"Saba," kikasema.

Nyundo zikashuka. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, askari walikuwa wamefanya mazoezi. Watu walipotoka walipewa milangoni fomu za maoni kuhusu sherehe, visanduku vitatu, na Bi Kidawa aliipokea yake akaikunja akaitia kwenye furushi la nguo. Vuai alibaki amekaa kwenye safu tupu mpaka wafagiaji walipomwinua.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu nchi ile ilikuwa na utaratibu. Profesa Mkuu wa Usikivu alilalamika kwamba chombo kilitamka saba, na saba haimo. Tume ikaundwa, ikakaa siku tisa hotelini, ikabaini kwamba onyesho la mwisho lilikuwa na kasoro, kwa hiyo wimbo haukuwa Kamili. Alama zikashushwa mpaka tisini na tisa. Kwa mujibu wa sheria, wimbo wenye tisini na tisa hauvunjiwi chombo. Serikali ikasikitika, ikaagiza chombo kirudishwe kazini, mafundi wakaeleza ugumu uliopo.

Hivyo Bi Kidawa, aliyetambuliwa na Wizara kama msikilizaji bora na mshauri wa muda mrefu wa Chombo Namba Nne, akaandikiwa barua ya heshima, yenye nembo ya dhahabu. Alipongezwa kwa maoni yake ya kujenga kuhusu maji, blanketi na chakula. Kisha akaulizwa, ndani ya siku kumi na nne, kama anafahamu mahali kinapoweza kupatikana chombo kingine cha aina ile ile.

Alijibu kwenye fomu aliyopewa uwanjani. Visanduku aliviacha vitupu. Kwenye mistari minne aliandika mmoja tu: "Rejeeni barua ya serikali, kumbukumbu namba themanini na nane. Mimi sijawahi kuzaa."

Fomu ikapita dirisha la mwisho. Vuai aliisoma, kalamu yake ya kusahihishia ikiwa mkononi. Akaiweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aligonga muhuri akapeleka juu maoni ya mtu kama yalivyoandikwa, kisha akakaa kulingoja gari. Huko juu hakukuwa na mtu aliyewahi kuona maoni yasiyosahihishwa, wala hakukuwa na trei ya kuyawekea. Waliigeuza fomu mbele na nyuma, wakaiweka kwenye trei ya kisanduku cha tatu, na gari halikuja.